Mkola wa Saba

Ofisi ya Kamishna wa Wilaya,
Blewi Mjini.
Jumapili, tarehe 25 Februari.

Kwako dada yangu mpendwa Mardea,

Pokea salamu zangu nyingi wewe na wote walio nyumbani mwako hapo Logan Town. Natumaini goti lako limepungua kuuma tangu Krismasi, na kwamba wale wajukuu wa mwenye nyumba hawakusumbui tena kwa kelele zao. Sisi huku hatujambo, ila ni hatujambo ya watu waliochoka. Shangazi Kanneh yupo, anakula, anagombana na kuku wake, na kila akinikuta njiani ananiuliza lini utakuja kumpima presha kwa mkono wako mwenyewe, maana mashine ya zahanati yetu haiamini. Mke wangu anakusalimu. Jua limekuwa kali, barabara imekauka, na gari sasa linafika hadi kwenye kivuko. Nashukuru kwa hilo, kwa sababu lisingefika barua hii isingekufikia.

Aliyekuletea ni mtu wetu wa Neegbah. Hadi kufika hapo atakuwa amesafiri siku mbili, na usiku mmoja amelala juu ya magunia ya mkaa. Nakuomba umpe maji ya kunywa na kiti cha kukalia, na usimruhusu aondoke kabla hujaifikisha barua hii mwisho. Utajiuliza kwa nini sikupiga simu. Unajua mwenyewe kwamba huku ili upate mtandao lazima usimame kwenye mnara wa kanisa, na pale kuna foleni, na kila aliye kwenye foleni ana masikio. Nina maneno yasiyofaa kusemwa kwa kupiga kelele.

Dada, kazi hii imenichosha. Miaka thelathini na moja nimekuwa karani hapa, chini ya makamishna kumi na mmoja. Kila mmoja alikuja na orodha yake ya miji na koo, na kila mmoja aliniachia mimi kuipiga taipu upya. Kaunti yetu sasa ina wilaya nyingi kuliko madaraja. Kuna wilaya ambayo kamishna wake anakaa kwa shemeji yake kwa sababu haina ofisi, na kuna mji ulioandikwa mara mbili katika koo mbili, wenyewe wakabaki na zahanati sifuri. Mimi nimeyaandika yote hayo kwa mkono huu. Juni nastaafu, nami nilikuwa nimeazimia kuondoka kimyakimya.

Halafu ikaja amri ya mipaka. Imetoka juu kwamba kila ukoo, chini ya chifu wake, upatane na jirani yake, mpaka utembelewe kwa miguu, uandikwe na kutiwa dole gumba, ndipo watu wapewe hati za ardhi yao. Neno zuri kabisa. Ila sisi wa ukoo wa Blewi mpaka wetu na ukoo wa Zamgar tangu zamani ni mto Teyah, na Teyah unaijua tabia yake. Tulipokuwa vijana ulimwaga maji baharini upande wa machweo wa Neegbah. Lakini kila mwaka bahari inauziba mdomo kwa mchanga, nao unahangaika kutafuta pa kutokea, kila mara mbele kidogo kuelekea mawio. Sasa umeuzunguka mji mzima na unatokea upande wa pili. Neegbah ina nyumba arobaini na mbili, na hakuna hata moja iliyosogea, lakini ukifuata mto, mji wote umehamia Zamgar. Wenyewe wanacheka kwa uchungu, wanasema walilala Blewi wakaamka Zamgar bila kuteremsha mguu kitandani.

Kicheko hicho kina hofu ndani yake. Mashamba yao ya mpunga na makaburi yao yako upande wetu. Wakiandikwa Zamgar watakuwa wageni, kila mwaka itawabidi wabebe kokwa za kola na kuku kwenda kuomba mahali pa kulima. Na zaidi ya hayo, Chifu Flahn wa Zamgar ameshakubaliana na kampuni fulani ya mawese kuipa ufuo ule ijenge gati na maghala. Wametangaziwa kwamba mji utahamishwa nyuma ya kinamasi, mahali ambapo mbu peke yao ndio wenyeji.

Basi wazee wa koo zote mbili wakapatana kwamba mto uachwe kwa sababu hauna msimamo, tufuate mikola, ile miti ya kola ya mpaka. Mababu walipanda mikola saba kutoka kilimani hadi karibu na bahari, kila mmoja na mawe matatu shinani: moja la Blewi, moja la Zamgar, moja la shahidi. Wakakubaliana pia kwamba palipo na mkola uliokufa na hakuna awezaye kuonyesha shina wala mawe, mstari utanyooka hadi alama inayofuata. Mkola wa saba ukiwepo, kutoka hapo mpaka unashuka moja kwa moja baharini; ukikosekana, alama inayofuata ni lile jabali jeusi la ufukweni, upande wa machweo wa Neegbah. Kwa hiyo ukinyoosha mstari kutoka mkola wa sita hadi jabali, Neegbah inabaki kwetu Blewi, mahali ilipo.

Tuliondoka tarehe ishirini na tatu Januari, asubuhi, baada ya kuvunja kola na kuitafuna kwa pilipili mbele ya kila mtu. Alikuwepo kamishna wetu mpya, kijana mwenye viatu vya buti visivyojua matope, ambaye kila baada ya nusu saa aliuliza kama tumekaribia. Chifu Flahn akamwambia, "Mheshimiwa, mpaka hauna haraka, umekungoja miaka mia." Alikuwepo mpimaji na kimashine chake, wazee sita, wanawake wa Neegbah waliotubebea wali na majani ya muhogo, na mimi na daftari. Chifu wetu Zeogar alitangulia na fimbo. Amefikisha miaka themanini na saba, na macho yake yamebaki ya kutofautisha mchana na usiku tu, lakini ni nani wa kumwambia. Alisema amepita njia hiyo na baba yake na hahitaji kushikwa mkono. Mikola sita tuliipata, mingine imebaki gogo, mawe yote yako mahali pake. Niliandika moja, mbili, hadi sita.

Wa saba haukuonekana. Mahali ulipotakiwa kuwa sasa ni maji, mto umeshapapita. Nilidhani tutanyoosha mstari twende nyumbani. Chifu Flahn akasema hapana, vijana wake wameona mkola mkubwa uliosimama peke yake mawio ya Neegbah, nyuma ya kinamasi kwenye udongo mwekundu, na una mawe matatu. Tukaenda. Dada, nilijua tunakokwenda kabla hatujafika.

Ni kweli ulikuwa mkola mkubwa, na ni kweli una mawe matatu. Chifu Zeogar akayagonga kwa fimbo yake, moja, mbili, tatu, akainua uso akasema, "Ndio huu. Nakumbuka." Hakuwa anakumbuka kitu. Aliona haya kusema hakumbuki mbele ya Zamgar. Mzee mmoja wa kwetu alinong'ona kwamba labda ni mti wa kitovu, uliopandwa pale kitovu cha mtoto kilipozikwa. Chifu Flahn akamcheka, akamuuliza tangu lini mwanamke wa Blewi akazalia msituni kama swala. Mti wa kitovu hupandwa nyuma ya nyumba, mtoto auone akue nao, na hapa ni nyumba ya nani? Watu wakacheka, hata kamishna. Na alikuwa amesema kweli. Hakuna anayezika kitovu mahali pale, ila mtu aliyetaka kisijulikane.

Mwanamke mmoja tu wa Neegbah hakucheka. Anaitwa Vonyee, ndiye kiongozi wa wanawake wa pale, anakausha samaki kwa moshi. Aliweka sufuria ya wali chini, akaketi kwenye mzizi wa mkola ule, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Basi andikeni. Lakini atakayekuja kunihamisha aje na machela, kwa miguu yangu siendi." Kisha akatupakulia chakula, na sisi tukala. Mimi nilikula pia, Mungu anisamehe.

Nilipoinuka mguu wangu uligonga jiwe moja likapinduka. Chini yake lilikuwa jeusi. Masizi, dada, masizi ya miaka arobaini na miwili, yamejificha pale mvua isipofika. Mawe ya mpaka hutolewa mtoni yakiwa safi na hayajawahi kuona moto. Yale hayakuwa mawe ya mpaka, yalikuwa mafiga. Nililirudisha jiwe kwa mguu, nikavuta majani juu yake, nikafungua daftari nikaandika: mkola wa saba, mawe matatu, umethibitishwa na koo zote mbili. Wazee wakatia dole gumba. Mpimaji akabonyeza kimashine chake. Mstari ukapita mawio ya mji, Neegbah ikawa ya Zamgar.

Karatasi ile niliibandika mwenyewe kwenye ukuta wa ofisi siku chache baada ya safari ile. Sheria inatoa siku arobaini kwa mwenye pingamizi, kisha inapelekwa makao makuu ya kaunti, na baada ya hapo hairudi. Siku ya mwisho ni tarehe nane Machi. Tangu ibandikwe, Vonyee amekuja mara tatu. Hajui kusoma vizuri, kwa hiyo ananiomba nimsomee. Mara ya kwanza alinisikiliza akaondoka. Mara ya pili aliniuliza kama herufi zile zinaweza kukosea kama watu wanavyokosea. Mara ya tatu, Jumatatu iliyopita, aliniletea samaki wawili ndani ya jani, akaketi akasema, "Mzee Garsuah, sikuja kugombana, nguvu za kugombana zimekwisha. Nisomee tu tena pale nyumba yangu inapoondoka." Nilianza kusoma. Nilipofika kwenye namba saba nikalia mbele yake kama mtoto, mzee mwenye mvi na mhuri wa serikali mkononi.

Sasa inanibidi nikwambie, Mardea, na ningekuwa na njia nyingine ningeipita. Mahali pale ndipo palipokuwa na kibanda cha shamba la mpunga la bibi yetu. Msitu umekila, ungesimama pale leo usingepatambua. Mafiga yale ndiyo bibi aliyochemshia maji usiku ule na mimi nikiwa nje nakata kuni, nina miaka kumi na saba, nakusikia unavyoumia na siwezi kufanya lolote. Unakumbuka alivyokuficha pale miezi mitatu, akawaambia watu umekwenda kwa mjomba, ili nafasi yako ya chuo cha uuguzi isipotee na Padri aliyekuombea nafasi hiyo asijue. Unakumbuka siku ya nne ulipoamka na homa ukaukuta mkeka mtupu, bibi akakwambia mtoto amekwenda alfajiri na ameshazikwa, usiulize wapi.

Hakufa. Bibi alinipa mtoto akiwa amefungwa katika kitambaa chako cha lapa cha buluu, akaniambia nivuke kinamasi nimpeleke kwa Tetee, yule mkunga wa Neegbah aliyezika watoto wake mwenyewe watatu. Nilimbeba. Alikuwa ananiangalia njia nzima na hakulia. Kitovu kilipoanguka Tetee alikirudisha kwa bibi, kwa sababu kwa desturi ni haki ya upande wa mama, na bibi akakizika katikati ya mafiga akapanda kola juu yake. Mtoto aliyekufa hapandiwi mti. Mimi niliuona ule mche, nikajua maana yake, na nikanyamaza, kwa sababu bibi aliniapisha. Baadaye bibi akafa na kiapo kikaisha, lakini nikaendelea kunyamaza. Ukaja ukunga wako, vita vikaja vikapita, ukawa mama wa kanisa, ukapokea watoto wa watu miaka thelathini na wa kwako hukupata tena. Kila ulipoandika kwamba Mungu hakukujalia, nilikunja barua nikaiweka kwenye sanduku. Sina cha kujitetea. Niliogopa utanichukia, na kila mwaka uliopita ulinipa sababu zaidi ya kuogopa.

Siku ile ya mkola nilinyamaza kwa ajili ya jina lako. Hivyo ndivyo nilivyojidanganya. Ukweli ni kwamba nilinyamaza kwa ajili ya jina langu, na kwa uchovu, na kwa sababu Juni iko karibu. Nimeuandika mji wa watu nje ya ardhi yao ili nisije nikaulizwa swali moja.

Vonyee aliniacha nilie mpaka nikamaliza. Nikamwambia ule mti si wa mpaka, ni wa kitovu. Akaniuliza wa nani. Nikamwambia, "Wako." Tetee alikuwa amemwambia kabla hajafa kwamba yeye aliletwa, ila hakumtajia na nani. Sikujua atauliza nini, labda kwa nini, labda nani baba. Aliuliza kama mama yake yu hai. Nilipomwambia yu hai na ana goti baya, akasema, "Hata langu." Kisha akachukua wale samaki wake akanipikia mwenyewe pale nyuma ya ofisi, maana alisema nimekonda.

Nimekwenda kwa Chifu Zeogar nikamweleza, bila kutaja jina. Mzee aliniomba nifunge mlango, akasema alijua kwamba macho yamemdanganya na alikuwa akisubiri mtu wa kumsaidia kusema hivyo. Lakini Chifu Flahn anasema karani aliyeandika neno jioni hawezi kulifuta asubuhi, na kwa desturi yuko sahihi. Mti wa kitovu hudaiwa kwa kinywa cha mama. Ninaweza kuapa, ninaweza kupindua mafiga yote matatu waone masizi, bado watataka kinywa cha mama: kwamba mimi fulani nilizaa pale, mwaka ule, mtoto wa kike. Uje mwenyewe kabla ya tarehe nane usimame mbele yao, au useme hapo mbele ya mchungaji wako na mashahidi wawili, utie sahihi. Ukifanya hivyo kila mtu atajua, kuanzia Blewi hadi kanisani kwako. Usipofanya, mji utahamishwa. Sina namna ya kulipunguza neno hilo makali yake. Nimelipima uzito wiki nzima.

Kwa upande wangu nimeshamwandikia kamishna kwamba nilichoandika namba saba ni uongo na nilijua. Kiinua mgongo changu huenda kikapotea. Mke wangu alininunia siku mbili, siku ya tatu akaanza kuangalia mahali pa kulima pilipili. Usinihurumie kwa hilo, na usinisamehe haraka. Nitangoja.

Umeshaelewa sasa ni nani aliyekaa kwenye kiti hapo mbele yako. Nilitaka kumtuma mtu mwingine na barua, akakataa, akasema mambo yake yamebebwa na watu vya kutosha. Ana karatasi ya kutia sahihi ndani ya mfuko, lakini hataitoa mpaka umwombe. Aliniagiza nikuandikie hivi, kwa maneno yake: usipomtaka, tia sahihi na atarudi Neegbah bila neno, ukimtaka, tia sahihi vilevile. Wale samaki aliokuja nao amewakausha yeye, si wa kununua njiani. Ana watoto wanne, na wa mwisho ana hasira kama zako.

Wasalimu majirani wote wa hapo na waumini wenzako. Shangazi anasema ukija umletee sabuni ya kipande, ile nyeupe. Mimi nakuombea afya na moyo wenye nguvu kuliko wangu.

Jambo la mwisho. Mgeni wako alijua kwamba Vonyee ni jina alilopewa na Tetee, akaniuliza kama kwa zile siku nne ulikuwa umempa jina jingine. Nikamwambia ndiyo, nalikumbuka, nilikusikia ukimwita nalo. Nilitaka kumtajia, akaninyamazisha kwa mkono. Alisema hilo atalisikia kwako.

Mimi ndugu yako,
Garsuah